Miaka ya tisini yetu haikuja na basi la Nairobi (Malindi, Lamu na majirani, karibuni)

Kijana_wa_Barani (mwenye uzi)

Assalaam aleikum, hamjambo nyote.

Kuna orodha inazunguka WhatsApp siku hizi, "Ukiyakumbuka haya, wewe ni mtoto wa tisini." Nimeisoma mpaka chini. Imejaa televisheni ya KTN, matatu za kutetemesha vioo, disko za mchana na sinema za kutazamia ndani ya gari. Nikajitafuta humo, nikajiona kwenye maziwa ya Nyayo ya shuleni na kwa Mzee Ojwang wa Vitimbi, kile kichekesho cha KBC, basi. Mengine yote ni ya wenyewe. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, nimekulia Barani. Hiyo KTN ilipoanza mwaka 1990 ilikuwa ya watu wa Nairobi, na sisi tulisimuliwa na wageni wa Desemba kama asiyehiji anavyosimuliwa Makka.

Sasa vijana wakiisoma orodha ile wanadhani Pwani tulikuwa tumelala. Hatukulala. Vitu vilitufikia kwa mlango mwingine. Vya Bombay vilipitia Mombasa kwa kanda za video. Vya Jeddah na Dubai vilikuja ndani ya masanduku ya wajomba. Vya Italia vilishuka na ndege hapa hapa Malindi na kulala hotelini. Vya Nairobi vilikuja vikiwa vimechelewa, na wakati mwingine tulikuwa tumeshavichoka kabla havijafika.

Nianze na deki ya video. Mtaani kwetu ilikuwa nyumba moja tu yenye deki, na mwenyewe alikuwa na kijana wake Jeddah. Ijumaa baada ya alasiri, kwa kuwa chuoni hatuendi, watoto tunajaa pale kwa shilingi moja moja. Tunakaa chini kwenye mkeka, champali zote zimeachwa mlangoni rundo moja, na ukitoka wa mwisho unaondoka na miguu miwili ya kushoto. Kanda yenyewe imeshapita mikono ya mji mzima: picha inapanda yenyewe, mistari myeupe inapita, na mzee anainuka kuipiga deki kofi la ubavuni. Hakuna aliyejua Kihindi. Tulikuwa na mfasiri, kaka mmoja wa darasa la nane, anasimama kando ya televisheni na kutueleza nani kamwambia nini nani. Mpaka leo naamini nusu ya maneno alikuwa akiyatunga, na naamini pia kwamba ya kwake yalikuwa mazuri kuliko ya filamu. Amrish Puri, yule adui wa filamu, akitokeza tu, hata hajafungua kinywa, mkeka mzima unazomea. Mithun, staring wetu, akikunja mikono ya shati, hakuna anayekaa.

Halafu usiku unakwenda harusini, unasikia lahani ileile iliyoimbwa kwenye deki mchana, lakini kwa Kiswahili. Marehemu Juma Bhalo alikuwa akizichukua lahani za filamu za Kihindi na kuzitilia mashairi yake. Mdogo wangu alimjua Bhalo kwanza, filamu akazijua baadaye, kwa hivyo siku moja katikati ya filamu aliinuka na kutangaza kwamba Wahindi wanamwibia Bhalo. Mzee wa deki alicheka mpaka akasahau kumtoa nje kwa kupiga kelele.

Mpira nao. KBC ilikuwa na kile kipindi cha mpira wa Ujerumani, na kwa ajili yake tulizijua timu za huko kuliko za Mombasa. Yeboah wa Ghana alikuwa wetu, Okocha wa Nigeria alikuwa wetu. Lile bao la Okocha la mwaka 1993 dhidi ya Karlsruhe, alipomzungusha golikipa Oliver Kahn na mabeki wake mpaka wakaanza kugaragara wenyewe, tulilicheza uwanjani kwa mpira wa makaratasi kila jioni. Aliyelazimishwa kuwa Kahn alikuwa mdogo kuliko wote, na alirudi nyumbani na mchanga masikioni.

Lakini Kombe la Dunia ndilo lililokuwa na ladha ya kwetu. Mwaka 1990 tulikuwa na timu mbili: Cameroon ya Roger Milla, mtu wa miaka 38 anakwenda kucheza ngoma kwenye kibendera cha kona, na Italia, kwa sababu Malindi hukuwa na la kufanya. Watoto wa ufuoni walikuwa wakizungumza Kitaliano vizuri kuliko Kiingereza chetu cha shule. Kila aliyefunga bao kichochoroni alikuwa Schillaci, mfungaji wa Italia, anakimbia kakodoa macho.

Fainali ya 1994, Brazil na Italia, huku kwetu ilikuwa usiku mkubwa. Penalti zinapigwa inakaribia saa saba. Ami yangu alikuwa askari wa hoteli moja, akatusimamisha nyuma ya michongoma, tunaona televisheni kwa mbali kupitia migongo ya Waitaliano. Baggio wa Italia akaweka mpira, akarudi nyuma, akapiga juu. Mtu yeyote aliyekuwa Malindi usiku ule ataniunga mkono: mji ulinyamaza kama kwamba mwenye mji amefariki. Muuza vinyago mmoja, aliyevaa jezi ya bluu tangu makundi, alilia kuliko Waitaliano wenyewe. Asubuhi tunamkuta sokoni anajitia yeye ni Brazil tangu zama za Pele.

Haya, leteni yenu. Orodha sitaki, nataka mtu asimulie.

---

Mgeni_Kayole

Kaka, usitunyime hata kidogo. Kwani Tausi na Vioja Mahakamani hamkuona? Sisi Kayole tuliona kwa dirisha la jirani, akikasirika anafunga pazia tunabaki na sauti.

---

Kijana_wa_Barani

@Mgeni_Kayole tuliona bwana, KBC ilishika kwa mwenye antena ndefu. Mwanzi mrefu kuliko mnazi, juu yake vyuma, na wengine wameongeza kifuniko cha sufuria. Ila picha ilifuata upepo. Kaskazi ikivuma mtoto mmoja anatumwa nje kuuzungusha mwanzi, mwingine anasimama dirishani kupeleka habari:

"Bado! Bado! Inakuja... hapo hapo! Aah, umeipita, rudi!"

Na anayezungusha ndiye ambaye haoni kitu. Vitimbi kinakwisha yeye bado amekumbatia mwanzi.

---

Mlamu_Langoni

Nyinyi wa Malindi mnajihurumia wakati mlikuwa na lami mlangoni! Sisi gari mjini lilikuwa moja, la DC, mkuu wa wilaya, na hata hilo halina pa kwenda zaidi ya pwani, kwenda na kurudi. Mtoto wa Lamu akifika Malindi mara ya kwanza anashikwa mkono na mamake kwa sababu hajui honi, yeye amezoea "Similla! Similla!" ya mwenye punda, na punda akikusukuma unaegemea ukuta, unampisha, hujafa.

Kufika huko Malindi kwenyewe kulikuwa na hadithi yake. Unavuka kwa boti hadi Mokowe, unapanda basi, basi linangoja mengine yaandamane na askari wenye bunduki, kwa sababu ya shifta, majambazi wa njiani. Wazee wanavuta uradi, watoto tunahesabu ngiri porini. Mpaka mpite Garsen ndipo mtu anafungua kijaluba chake cha tambuu. Kwa hivyo kijana akisema "kanda mpya imefika," ajue imefika kwa dua.

Umesema vya Nairobi vilichelewa. Kwetu vyote vilichelewa, mpaka kuchelewa kukawa ndiyo kawaida. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 1997 zilipokata barabara, betri za redio, magazeti, vitunguu, vyote vikawa vya kungoja chombo cha baharini. Tulikuwa na Great Wall, ile televisheni ndogo ya Kichina isiyo na rangi, ya kuendeshwa kwa betri ya gari. Betri inapelekwa kuchajiwa kwa punda. Mtoto akiona punda anarudi na betri anatangaza mtaa mzima kabla haijafika nyumbani, na mwenye nyumba anakuta wageni wameshakaa.

Lakini redio ndiyo iliyokuwa mjumbe wetu. KBC Idhaa ya Taifa na salamu zake! Unanunua kadi, unajaza majina ya rafiki zako wote mpaka ukingoni, unaipeleka posta, halafu unangoja majuma. Siku ikisomwa mtangazaji anayavunjavunja majina ya watu wa Faza na Kizingitini mpaka mwenyewe hajijui, na bado siku ile huzungumzi na mtu, wewe umetajwa redioni. Na mtangazaji marehemu Leonard Mambo Mbotela alituharibia maisha kabisa. "Je, Huu ni Ungwana?" ikawa fimbo ya kila mtu mzima. Umekunywa maji umesimama: je, huu ni ungwana? Umempita mzee hukumwamkia: je, huu ni ungwana? Bibi yangu hakuwa hata na redio chumbani, lakini swali alikuwa nalo.

Michezo yetu ilikuwa ya maji. Kandambili ikikatika haitupwi. Unaichonga kwa kisu mpaka iwe na omo na tezi, mlingoti kijiti cha chelewa, tanga mfuko wa nailoni wa mkate, na tumboni unachomeka kipande cha bati kiwe mkuku, isibinuke. Bati likiwa zito inazama matako, likiwa jepesi inalala ubavu. Kulikuwa na watoto walioijua hesabu hiyo kwa vidole, na hao hao leo wengine ni mafundi wa mashua kule Matondoni. Maji yakiwa yamejaa tunaziachia gatini, tunajirusha nyuma yake. Nimerudi likizo nimekuta watoto bado wanajirusha pale pale, mashua sikuziona.

Na usinitajie Bhalo bila kumtaja Zein l'Abdin, mwimbaji wa taarabu. Amezaliwa Lamu yule. Nyinyi mlikuwa na lahani za filamu, sisi tulikuwa na udi.

Kisha Maulidi. Mfungo Sita, msikiti wa Riyadha umejaa, watu wametoka Ngazija, Zanzibar, Mombasa. Mchana mashindano ya punda, ya kuogelea, ya mashua. Kirumbizi kinachezwa, fimbo zinalia, watoto tumepandishwa mabegani. Aliyeshinda mbio za punda hakuhitaji kuwa Schillaci. Alijulikana mwaka mzima kwa jina la punda wake.

---

MamaLeso

Nimesoma mpaka hapa, wavulana mmejaa nyinyi tu. Mtu angedhani Malindi na Lamu hapakuzaliwa wasichana mpaka mwaka 2000.

Deki ile ya shilingi moja, sisi hatukuingia. Tuliitazama kutoka jikoni, mlango umefunguliwa nusu, tunachambua mchele. Ndiyo maana nyinyi mnakumbuka ngumi na sisi tunakumbuka nyimbo. Filamu moja tunaiona vipande, wimbo tunausikia wote.

Nikueleze tulivyofanya na nyimbo. Nilikuwa na daftari, kurasa za nyuma nimezipamba kwa maua ya kalamu nyekundu. Tunakaa wasichana kwenye baraza ya ndani na redio kaseti ya deki mbili aliyoileta mjomba. Mmoja kidole chake kiko kwenye vibonyezo, mmoja anaandika. Cheza, simamisha, andika, rudisha. "Kasema 'nimekukosea nini' au 'nimekukosa nini'?" Rudisha. Ubeti mmoja alasiri nzima. Kanda inachoka pale pale penye neno gumu, inaanza kulia, na ikimezwa unaitoa utumbo wake polepole, unaizungusha kwa kalamu ya BIC mpaka irudi ndani. Na kanda ya mawaidha ya baba isiyosikilizwa na mtu, ukiziba yale matundu yake mawili ya juu kwa karatasi, inarekodika upya. Sitasema zaidi, baba yuko hai.

Waimbaji wa taarabu Zuhura Swaleh, Malika, Maulidi Juma, hao tulikuwa nao wote. Zuhura akianza na ile tashkota yake nyuma, kinanda cha nyuzi, mama anaacha anachofanya, mabega yanaanza kucheza peke yake. Kanda zilitoka kwa Mbwana Radio Service ya Mombasa, na ukisafiri huulizwi "utaniletea nini," unaandikiwa karatasi: hii, hii, na hii. Mwishoni mwa miaka hiyo zikaingia za Tanzania, za kundi la TOT na Khadija Kopa, mipasho wazi wazi, na watu wazima wakaanza kusema taarabu imeharibika. Mafumbo yalikuwa yamejaa hata kwa Zuhura, ila ya zamani ulihitaji akili kuyaelewa, kwa hivyo watoto tuliruhusiwa.

Mimi nakumbuka pia kivuko cha Kilifi, nilikuwa mdogo sana. Daraja lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla yake, safari ya Mombasa kwenda harusini ilisimama pale, magari yamejipanga, na wauza korosho wanakuja dirishani. Ilikuwa ndiyo raha ya safari. Daraja likaja, tukafika Mombasa mapema, na hakuna aliyekula korosho. Dadangu mkubwa alinuna kweli kweli siku ya kwanza.

Na nyinyi wavulana hamkuziona kanda za video zilizokuwa na thamani kuliko zote: za harusi za wanawake. Shughuli ya ndani, wanawake wamevua mabuibui, dhahabu, hina, vugo limelia, chakacha imeshika. Ilipigwa picha na mwanamke na ikawa haitoki nyumba bila kiapo. Inafungwa ndani ya leso, inabebwa kwapani, inatazamwa mchana waume wakiwa kazini, mlango umetiwa komeo. Shangazi yangu ameolewa 1995, na naweza kukwambia nani alivaa nini, kwa sababu tumeitazama ile kanda kuliko filamu yoyote. Ndani yake unawaona wazee bado wana buibui la zamani, la kujifunga na kulishika kwa mkono, na wasichana wameanza baibui za Kiarabu za kupigwa vifungo mbele. Miaka michache baadaye lile la zamani limebaki kwa mabibi.

---

Mgeni_Kayole

Dada, hiyo ya kuziba matundu kwa karatasi tulifanya hata sisi! Baba yangu alikuwa na kanda za kwaya.

---

MamaLeso

Basi wote motoni, mdogo wangu.

---

Pembeni_ya_Msimu

Samahani nikiwaharibia, lakini kuna mambo mnayaruka.

Mimi pia ni wa Malindi, wa Maweni. Mama alikuwa akifua mashuka ya hoteli. Hao Waitaliano wa Baggio mnaowachekea, kwetu walikuwa unga wa kesho. Mwaka 1997 mwezi wa Agosti kukazuka vurugu za Likoni. Zilikuwa mbali na sisi, kusini ya Mombasa kabisa, lakini mgeni aliyeko Milano hajui Likoni wala Malindi, anajua Pwani ya Kenya. Wakaacha kuja. Msimu ule ukafa. Mama akaambiwa apumzike mpaka wageni warudi, na hakuambiwa lini. El Niño ikaja juu yake, mbu, homa, muhogo umeoza shambani.

Sisi televisheni tulikuwa nayo kabla ya hapo, iliuzwa. Kwa hivyo Kombe la Dunia la 1998 nililisikia redioni, na Zidane kwangu mpaka leo ni sauti. Sisemi msifurahi. Nasema kila nikiona mtu ameandika "maisha yalikuwa rahisi" natamani nimuulize nani alikuwa akimfulia.

---

Kijana_wa_Barani

@Pembeni_ya_Msimu umesema kweli na sina la kupinga. Yule ami yangu aliyetusimamisha michongomani naye alirudishwa nyumbani mwaka huohuo. Akauza madafu pale njia panda. Hakupata tena kazi ya hoteli.

Ila nikuongezee: ndiyo hasa niliyokuwa nikiisema mwanzo. Vurugu za Likoni ziligusa sahani yetu kabla hazijamgusa mtu wa Nairobi, kwa sababu mlango wetu ulikuwa ule wa bahari na ndege. Ukifungwa ule, hatuna mwingine. Orodha za WhatsApp hazina hilo, zina pipi tu.

---

Mlamu_Langoni

Pipi zenyewe wamezikosea. Wameandika Big G na Patco, hawakuandika mabuyu mekundu ya kufungwa kwa karatasi ya daftari, ulimi unakuwa mwekundu mpaka chuoni mwalimu anakujua. Wala achari ya embe. Wala halua ya Lamu, ambayo mtu wa Malindi akipewa anakula bila kahawa, masikini, hajui.

Na tiara, vishada vya kurusha, mbona hamjazitaja?

---

Kijana_wa_Barani

Nilikuwa nakungoja wewe uzitaje ili tugombane. Gundi ya tiara ni uji wa ngano. Vijiti vya chelewa unavikwangua kwa wembe vikawa vyembamba sawasawa, karatasi juu, uji wa ngano pembeni, jua la dakika chache, mkia kipande cha leso kuukuu. Hakuna gundi nyingine.

---

Mlamu_Langoni

Uji wa ngano unavuta sisimizi. Unalala na tiara, unaamka na vijiti. Wali wa jana, bwana! Punje chache unaziponda kwa kidole gumba, umemaliza. Na mkia wa leso ni mzito, sisi tulitumia utepe wa kanda iliyokufa, unang'aa juu kule.

---

MamaLeso

UTEPE WA KANDA? Nyinyi ndio mlioniua Maulidi Juma wangu!

---

Mlamu_Langoni

Iliyokufa, dada! Nimesema iliyokufa!

---

Pembeni_ya_Msimu

😂 Hapa nimecheka, nakiri. Sisi Maweni tulitumia utomvu wa mkorosho, unachubua vidole. Tiara ilipaa, mwenyewe ukapakwa dawa.

---

MamaLeso

Tuache tiara kidogo, nina swali la kweli. Mama amenipa sanduku lake la kanda. Zimo za taarabu, zimo za maulidi ya nyumbani aliyorekodi mwenyewe, na sauti ya babu akisoma kasida, ambayo hatuna mahali pengine. Zimekaa darini miaka. Baadhi zina ukungu mweupe kwenye utepe, na moja nilipoiweka ililia kama mlango, nikaizima haraka. Chini ya sanduku iko pia ile ya video ya shangazi. Nani anajua la kufanya kabla sijaharibu?

---

Fundi_Deki

Dada, vizuri uliizima. Nimetengeneza redio na deki Malindi tangu enzi hizo mnazozisema, na sasa kazi yangu kubwa ni hii hii ya kanda za wazee.

Yenye ukungu usiiweke kwenye mashine kabisa. Ukungu utaganda kwenye hedi, kile kichwa kinachosoma utepe, kisha kila kanda utakayoweka baada yake inaambukizwa. Itoe darini, iweke mahali pakavu penye hewa, si juani. Ukungu ukikauka unatoka kwa brashi laini, unazungusha kwa kalamu kidogo kidogo huku unafuta. Fanya nje, na ufunge pua.

Inayolia, tazama kwanza kile kisponji kidogo katikati ya ukingo, pale utepe unapopita. Kwenye kanda za zamani kinabanduka. Kikiwa hakipo, sauti inakuja ya mbali au haiji. Kama kipo na bado inalia, shida ni ganda. Joto la dari limelipinda, magurudumu yanasuguana. Kama lina skrubu, zile tano, za pembeni na ya katikati, lifungue juu ya kitambaa cheupe ili usipoteze kitu, chukua magurudumu na utepe wake yalivyo, uyahamishe kwenye ganda zima la kanda usiyoihitaji. Kumbuka njia ya utepe: unapita nje ya vile viringo viwili vya pembeni na mbele ya kisponji. Ukikosea hapo itamezwa. Yasiyo na skrubu yamegundishwa, hayo niletee mimi au fundi mwingine, usiyapasue na kisu.

Kabla ya kucheza chochote, safisha hedi kwa spiriti na pamba ya kijiti. Kisha ya babu ndiyo ya kwanza. Usiisikilize kwanza ukasema utairekodi baadaye, maana utepe mkongwe pengine unakubali mara moja tu. Waya mmoja kutoka tundu la spika za masikio hadi kwenye kompyuta, programu ya Audacity ni ya bure, unabonyeza rekodi halafu ndipo unacheza. Acha iende mpaka mwisho hata ukisikia kimya, watu walikuwa wakirekodi katikati. Na ugeuze upande wa pili. Nimeletewa kanda nyingi ambazo wenyewe walisahau kwamba zina upande wa pili.

Hiyo ya matundu yaliyozibwa kwa karatasi, itoe karatasi leo leo, mtu asije akabonyeza kitufe chekundu juu ya babu.

Ya video ni vilevile, ukungu ni adui, lakini hiyo sitaigusa mimi. Shangazi yako ndiye mwenye ruhusa, na mimi ni mwanamume. Tafuta binti mwenye deki nzima, nitamfundisha kwa simu hatua kwa hatua bila kuona picha.

---

MamaLeso

Allah akulipe, fundi. Binti yupo, mwanangu mwenyewe, ana miaka 16 na hajawahi kuona deki. Nitakupigia Jumamosi baada ya adhuhuri, shangazi atakuwa amekaa pembeni kuhakikisha.

---

Mlamu_Langoni

Ukishamaliza, zile tepe zilizokufa kabisa...

---

MamaLeso

Thubutu!